Mama wa Chini Hutembea Nyuma

Kwa miaka kumi na moja niliishi juu ya kichwa cha mwanamke huyu. Sisemi kwa mafumbo. Yeye alikaa ghorofa ya chini, mimi palepale juu yake, katika nyumba ya matofali mekundu Thornton Heath, kusini mwa London, na kila nilipovuta kiti yeye alisikia. Jina lake la kwenye vitambulisho nalijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namjazia fomu, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Binti yangu Anneth alipokuwa na miaka saba alimwita Mama wa Chini, ili kututofautisha, maana mimi nilikuwa mama wa juu. Jengo zima likafuata, hata yule Mpolandi wa mlango wa nne ambaye hakujua neno jingine la Kiswahili.

Naandika habari zake kwa aibu, na ni heri niseme mapema. Kuna jambo nililomfanyia siku moja, mchana kweupe, msituni, mbele ya watu ambao sitawaona tena maishani mwangu. Kwa miaka mitatu nilitafuta nafasi ya kumwambia ukweli. Anneth, ambaye sasa yuko chuo kikuu, kila akija likizo hukaa mezani na kuniuliza, "Mum, umemwambia?" Wanasema mavi ya kale hayanuki. Haya yananuka.

Alikuwa mtu wa mashariki ya Kongo, upande wa ziwani, mlokole, mpana wa mabega, mwenye goti la kulia lililokuwa likimsumbua kila baridi ikianza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kuwaogesha wazee wa Kiingereza na kuwavisha na kuwapa uji wao. Kampuni ilimpangia dakika za kukaa kwa kila mzee, na simu ya kazi ilikuwa ikimpigia kelele zikiisha. Hakuijali. Nilimsikia mara nyingi akigombezwa na msimamizi wake, simu imewekwa sauti kubwa juu ya friji, yeye anakata vitunguu.

"Yes, sorry, sorry," alikuwa akijibu, kisha akinigeukia mimi. "Mutu hapana mizigo, Mama Anneth. Huwezi kumuweka chini, unaenda tu. Ngojea kwanza akuage."

Mimi nilikuwa mapokezi hospitalini, zamu ya asubuhi, na sikuwa na mume wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo kila alfajiri nilimshusha Anneth akiwa na sare ya shule na usingizi, na Mama wa Chini, ambaye kazi yake ilianza saa tatu asubuhi, watoto wakishaingia shule, alimpokea bila maneno. Alimpa chai ya maziwa na mkate, akamsuka, akampeleka shuleni pamoja na watoto wawili wa ghorofa ya tatu. Sikumbuki siku aliyowahi kusema amechoka. Nakumbuka siku nyingi nilizochelewa kumfuata mtoto.

Shukrani zangu zilikuwa kumsahihisha Kiswahili. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro na mimi nilirithi fimbo yake. Yeye akisema mutoto, mimi nasema mtoto. Yeye akisema batu, mimi nasema watu, Mama, watu. "Aksanti, mwalimu," alikuwa akinijibu kwa adabu zote, halafu sentensi ifuatayo mutoto yuko palepale. Nilidhani hashiki. Sasa najua kwamba alikuwa ananisitiri, kwa sababu mara moja nilimsikia akiomba kanisani kwa Kiswahili cha Biblia kilichonyooka kuliko changu.

Mkarimu kwa chakula alikuwa, bahili kwa vyombo. Sombe ya samaki, kisamvu cha kwao, ingepanda ngazi hadi kwangu bila kuombwa, lakini ole wako usirudishe kopo la aiskrimu ilimoletwa. Aliyahesabu makopo yale kama mchungaji na waumini. Niliwahi kurudishiwa mlangoni kopo lenye mfuniko usio wake, na nikaambiwa kwamba huu ni wa mtu mwingine, nimtafute mwenyewe. Mwanamke aliyelia kila Jumapili kwenye pambio la kwanza ndiye huyohuyo aliyeangalia mieleka kwenye televisheni akisimama na goti lake bovu na kupiga kelele, "Muvunje! Muvunje mukono!" Nilipomuuliza kama Yesu anapenda mieleka, alisema Yakobo alipigana mieleka na malaika usiku kucha na akabarikiwa, kwa hiyo nisimsumbue.

Aliogopa lifti na ngazi za umeme. Kituoni alishuka ngazi za kawaida, moja moja, mkono ukutani, watu wakimpita. Lakini maji hakuyaogopa hata chembe. Yeye ndiye aliyemfundisha Anneth kuogelea kwenye bwawa la manispaa. Mara ya kwanza mlinzi wa bwawa alimkatalia kuingia na kitenge, naye akaenda sokoni akanunua vazi la kuogelea la dada zetu Waislamu, lile la kufunika mwili mzima, akaingia nalo. Nikamwambia watu wa kanisani watasema. Akasema Yesu anajua nani iko ndani.

Na kuna lile jambo la kutembea nyuma. Nalisema sasa kwa sababu bila hilo sitaeleweka.

Popote alipokuwa na watu, yeye alikuwa wa mwisho. Kwenye barabara ya maduka, kwenye mlango wa kanisa, kwenye foleni ya basi. Akipeleka watoto shuleni aliwatanguliza mbele, na kila baada ya hatua kadhaa aliwaita majina, mmoja mmoja, hata kama anawaona. Mtoto aliyeitwa alipaswa kujibu, "Niko!" Asipojibu msafara unasimama. Walimu walidhani ni wimbo. Mimi nilidhani ni ushamba, na siku moja nilimwambia watoto si mbuzi.

"Mbuzi haiitiki," akasema, akaendelea kumfunga Anneth kamba za viatu.

Sikuuliza tabia ile ilitoka wapi. Nilijua kwamba zamani, wakati wa vita, alipita msituni kwa miguu. Nililijua jambo hilo kama unavyojua kwamba jirani yako aliwahi kuugua malaria. Miaka kumi na moja, na sikuuliza.

Anneth alipomaliza mitihani yake ya mwisho ya sekondari nilimwahidi safari. Tulichagua Meksiko. Rafiki yangu wa kazini alikuwa aende nasi, akaghairi kwa sababu mama yake aliugua, na Anneth akasema tumchukue Mama wa Chini. Alisema kwa Kiingereza na hakulisema kama swali. Mimi sikutaka. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kando ya bwawa na miwani ya jua, na katika picha ile hapakuwa na kitenge. Lakini ningesemaje hapana mbele ya mtoto aliyelelewa na huyo mtu?

Nilipomweleza, Mama wa Chini alikunja uso. "Kule iko nani wetu?"

"Hakuna mtu, Mama. Tunaenda kupumzika."

"Donc, basi tunaenda kutembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu."

Alinitazama kwa huruma. Kwake yeye mtu husafiri kwenda kwa mtu. Usiku mmoja kabla ya kuondoka nilipopekua begi lake kupima uzito nilikuta maboksi sita ya majani ya chai, kwa ajili ya wenyeji ambao hakuwa na habari nao. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. Methali hiyo, nakiri, aliitamka sanifu kabisa.

Hotelini, wakati wa kifungua kinywa, nilijuana na daktari mmoja wa meno na mumewe, Waingereza wa vitongoji vya matajiri. Walikuwa watu wa kawaida tu, wachangamfu, lakini mimi nikapumbaa. Niliwaambia kwamba niko kwenye uongozi wa hospitali. Miaka yote ile nimekaa mapokezi nikipokea barua za miadi, na pale mezani, mbele ya mapapai, nikawa uongozi. Hao ndio walioniambia kuhusu safari ya siku moja ya msituni: mnaenda na mwongozaji, mnaogelea kwenye maji ya pangoni, mnakula, mnatembea msituni, na mwisho mnapanda hekalu la mawe la watu wa kale. Wao walikuwa wameshakata zao; nikakata nafasi zetu tatu.

Mwongozaji alikuwa mtu mzima mwenye sharubu za mvi, anaitwa Eusebio. Mama wa Chini alimkabidhi boksi la chai kabla hata hajatusalimia sote. Eusebio aliligeuzageuza, akavua kofia, akaliweka kwenye mkoba wake kwa uangalifu. Kwenye basi dogo tulikuwa abiria kumi na wawili. Mama wa Chini alipita kiti kwa kiti, ameshikilia migongo ya viti, akiuliza kila mtu jina lake na kulirudia mpaka limkae mdomoni. Mimi nilitazama dirishani.

Maji yale ya pangoni sijaona mfano wake. Yalikuwa ya samawati, baridi, yametulia chini ya tundu la jiwe, na mizizi ya miti ilining'inia kutoka juu hadi ndani ya maji. Eusebio aligawa maboya ya kuvaa. Mama wa Chini alilikataa la kwake, akafunga kitenge chake kifuani mafundo mawili, akashuka ngazi za mbao pole pole kwa sababu ya goti, na alipofika kipandio cha mwisho akajiachia. Goti likabaki nchi kavu. Mwanamke yule mzito alikata maji bila kurusha hata tone, akazama, akaibukia upande wa pili chini ya mizizi, akapiga kigelegele kilichozunguka pango lote. Watu walipiga makofi. Wengine walitoa simu kumrekodi. Anneth alikuwa anacheka na kumfuata, na mimi nikaona kitenge kimepanda, nywele zimelowa, mdomo wazi, na nikatamani pango linimeze.

"Mama yako ni samaki!" akasema daktari wa meno. Alisema kwa mapenzi kabisa.

"Si mama yangu," nikajibu kwa Kiingereza changu kizuri. "Ni yaya wetu. Alikuwa anamwangalia binti yangu."

Yaya. Neno la kazi ya mshahara, wakati yule mtu sikuwahi kumlipa. Alikuwa amepanda ngazi tayari, hatua mbili nyuma yangu, akikamua pindo la kitenge. Kama alisikia hakuonyesha. Asante ya punda ni mateke, na punda siku hiyo nilikuwa mimi.

Baada ya chakula nilikwenda kwenye vibanda kubadili nguo. Nikachelewa kidogo. Nilipotoka msafara ulikuwa unaanza kujipanga, Mama wa Chini ameinama anafunga kiatu, na mimi nikampita bila yeye kuniona, nikaenda mbele kabisa kwa daktari wa meno na mumewe. Eusebio aliongoza. Mama wa Chini, bila kuulizwa, akakaa mwisho.

Tulikuwa hatujafika mbali alipoanza kuita majina. Anneth aliwafundisha wenzetu namna ya kujibu, na wakaufurahia mchezo huo. "Niko!" walijibu, mmoja baada ya mwingine, Mjerumani, mabinti wawili wa Kanada, mume wa daktari kwa sauti kubwa kuliko wote. Eusebio alicheka akasema ni afadhali kuliko filimbi yake.

"Mama Anneth!"

Hapo sauti zilinyamaza, watu wakinisubiri. Daktari wa meno alinitupia jicho la utani. "Na wewe, bosi, anakuhesabu?"

Hivyo tu. Hakuwa na nia mbaya. Uso wangu ukawaka moto, na sikujibu; Eusebio akaita twende, msafara ukasonga.

Njia ilikuwa na kona nyingi na miti imebanana, wa mwisho hawezi kuona wa mbele. Eusebio alisimama kuwaonyesha wenzetu mti wenye gome jekundu, akaturuhusu sisi watatu tutangulie kwa kuwa njia ilikuwa moja na kiwanja cha hekalu kilikuwa karibu. Majina yakaanza tena. Mume wa daktari aliitika, mkewe akaitika. Kisha langu. Nililisikia vizuri kabisa. Liliitwa mara ya pili. Mara ya tatu lilikuja na kitu ndani yake ambacho sikuwahi kukisikia kwenye sauti ya mwanamke yule, na nikageuza shingo kidogo, na nikaendelea kutembea.

Fikiria sasa hesabu yake. Mara ya mwisho aliniona naenda kwenye vibanda. Wote walio mbele wameitika, Mama Anneth peke yake hajaitika. Basi Mama Anneth hayuko mbele. Amebaki nyuma, amepotea. Wakati wenzetu wanapiga picha mti mwekundu, yeye aligeuka akarudi alikotoka, peke yake, kunitafuta.

Tuligundua kiwanjani. Eusebio alitoka msituni na kundi lake, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Anneth aliuliza, "Mama wa Chini yuko wapi?" Kisha akaniona mimi nimesimama pale mzima, na nikaona anaelewa. Eusebio alimwomba mlinzi wa hekalu atupandishe kwa sababu lango lingefungwa saa tisa, akakimbia kurudi. Anneth akakimbia naye. Mimi nilipiga hatua mbili kuwafuata.

"Atapatikana tu," akasema daktari wa meno akinishika mkono. "Twende, watafunga."

Nikapanda. Sina la kujitetea. Nilipanda ngazi zile za mawe kwa mikono na miguu kama watalii wengine, nikafika juu nikihema. Msitu ulikuwa chini yetu pande zote, kijani kitupu mpaka mwisho wa macho. Upepo haukuwepo, hata jani halikutikisika. Na kutoka mahali fulani chini ya miti ile nilisikia jina langu. Sauti ilikuwa imeshakauka. "Mama Anneeeth!" Kimya. "Mama Anneeeth!" Mume wa daktari akaniambia nitabasamu. Nilitabasamu. Picha ile ninayo.

Walimleta nilipokuwa nimeshashuka, lango limeshafungwa. Alikuwa na tope mpaka magotini, kitenge kimechanika pembeni, anachechemea, Anneth amemshika upande mmoja na Eusebio upande wa pili. Aliponiona aliwaachia wote wawili. Akanishika kichwa kwa mikono yake yote, akanipapasa masikio, shingo, mabega, kama mtoto aliyeanguka kutoka juu.

"Uko muzima," akanong'ona. Sauti ilikuwa imekwisha. "Haleluya. Uko muzima."

Hakuuliza nilikuwa wapi. Kwenye basi alikaa na mimi, na njia nzima alinishika kifundo cha mkono. Daktari wa meno aligeuka, akatuona, akamwambia mumewe kwamba watumishi wa namna hii hawapatikani tena. Hekalu Mama wa Chini hakulipanda. Wala hakulitazama, kwa jinsi ninavyojua. Jumapili tuliyorudi London hakuweza kuimba, alisimama nyuma kabisa kanisani anapiga makofi tu.

Anneth hakusema nami kwa siku nne. Siku ya tano alikuja jikoni.

"Ulimsikia," alisema. "I saw you. Nilikuona pale kwenye kona ukigeuza shingo, nikadhani umeitika."

Na hapo ndipo nilipoelezwa na mtoto wangu habari niliyopaswa kuiuliza miaka kumi na moja kabla. Mama wa Chini alimsimulia siku ileile, wakirudi taratibu kutoka msituni, kwa ile sauti iliyobaki. Walipokimbia vita walikuwa watu tisa wa nyumba moja, na usiku huwezi kuwasha taa, kwa hiyo yeye kama mkubwa alikaa nyuma akiita majina. Siku ya tatu au ya nne aliita jina la mdogo wake wa kike na hakujibiwa. Akaita tena. Alitaka kurudi, wenzake wakamshika, kwa sababu kulikuwa na watoto na kulikuwa na risasi. Wakaendelea. Mdogo wake hajaonekana mpaka leo.

Nilikaa chini. Nilikumbuka fomu moja niliyomjazia, ya uraia, iliyotaka majina ya ndugu walio hai na waliokufa. Kwenye jina moja alinisimamisha. "Huyu usimuweke kwa wafu," alisema. "Wala kwa wazima." Nilikasirika. Nilimwambia serikali haijaweka chumba cha tatu, Mama, chagua. Akafikiri, akasema basi niliache. Nikaliacha, nikageuza ukurasa, nikamwambia atie saini.

Tangu siku hiyo ya jikoni nilijua ninachodaiwa. Si pole ya jumla. Kusema: Mama, nilikusikia, na sikukujibu kwa sababu nilikuonea haya. Nilishuka ngazi mara nyingi na maneno hayo mdomoni. Nikimkuta anapika napokea sahani. Nikimkuta anaangalia mieleka nakaa naangalia mieleka. Miezi michache baadaye goti lilimshinda, akaacha kazi, na mpwa wake anayefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege akamchukua kwake Hayes. Siku ya kuhama nilibeba maboksi mpaka mgongo ukauma. Kubeba maboksi niliweza.

Mwezi uliopita nilikwenda. Jumamosi, saa nane mchana, baada ya basi na treni na basi jingine, nikirudia maneno yangu njiani. Mke wa mpwa wake alinifungulia. Ni binti mwembamba, mkimya, na alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kisha akaniacha nipite. Mama wa Chini alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, anachambua maharage kwenye ungo. Amepungua. Mabega yameshuka. Lakini alinyoosha mikono yote miwili.

"Mama Anneth wangu! Karibu, karibu. Mutoto hajambo? Anasoma muzuri?"

"Hajambo, Mama. Shikamoo."

Akaitikia kwa kicheko, kwa maana salamu hiyo kwao haina kazi sana na siku zote ilimfurahisha. Tuliongea habari za jengo, za Mpolandi aliyeoa, za bei ya sombe ya barafu. Nikavuta kiti. Nikaikalia mikono yangu.

"Mama, nimekuja na neno. Ile siku ya Meksiko. Msituni."

Aliacha kuchambua. Mke wa mpwa alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa mkononi.

"Ile siku," Mama wa Chini akasema, "upepo ulikuwa mingi sana."

Nikasogeza kiti karibu, naye akaendelea.

"Upepo na ile miti. Huyu binti hapa, nilimusimulia yote, ananiambia, Mama, yule alikusikia, alikuonea tu haya. Ananiambia mara mingi. Miye nasema hapana. Mutu akisikia jina yake anaitika. Ata iko mugonjwa, ata iko anaogopa, anaitika. Akinyamaza, njo hakusikia." Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka kando. "Mudogo wangu na yeye hakusikia. Alikuwa ameshakwenda kwa Mungu, njo maana hakusikia. Kama angelisikia, kama alikuwa pale muzima, amenyamaza tu..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Miye ningelirudi."

Kisha akaniinulia macho, na hayakuwa macho ya mtu anayenirahisishia. Yalikuwa yanasubiri.

"Hukunisikia, eeh?"

Nilikuwa nimesafiri saa mbili na nusu kusema ukweli. Ulikuwa pale kwenye ulimi, na kwa mara ya kwanza niliona ungekwenda kuangukia wapi ukitoka. Usingeniangukia mimi. Ningemrudishia msitu wake wote, na ndani yake binti mmoja aliye hai, anayesikia jina lake linaitwa, amenyamaza, na dada yake anaondoka.

"Sikukusikia, Mama," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakalegea, uso ukafunguka, akamgeukia mke wa mpwa wake.

"Unaona? Nilikuambia. Miaka yote nilikuambia." Akanipigapiga goti. "Mupe chakula. Ametoka mbali."

Ningependa kuandika kwamba nilidanganya kwa ajili yake. Labda ni kweli. Lakini nilipotamka maneno yale nilisikia raha mwilini, raha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na raha ile haikuwa ya kwake. Mke wa mpwa aliniletea ugali na maharage na kipande kikubwa cha samaki, akaviweka mbele yangu bila kunitazama. Mama wa Chini alinikazia macho kwa furaha, akinihimiza, kula mwanangu, kula. Nikanawa mikono. Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe.